Nani Anamlisha Soksi

Mzee Brashi alipaka rangi nyumba za watu maisha yake yote, na hata baada ya kuacha kazi, rangi nyeupe haikutoka pembeni mwa kucha zake. Mkewe alipofariki alibaki na mbwa jike, mweusi tii, mwenye miguu myeupe mpaka vifundoni. Ndiyo maana akaitwa Soksi. Majirani walimtania kwamba ameoa tena, naye hakukasirika. "Huyu akininunia," aliwajibu, "hamalizi hata dakika."

Alimtunza kwa utaratibu. Chakula asubuhi, chakula jioni: wali na nyama, bila chumvi wala kitunguu. Mfupa wa kuku uliopikwa ulikuwa marufuku, kwa sababu huvunjika vipande vikali na kutoboa utumbo. Maji ya kunywa yalibadilishwa hata kama hayajaguswa. Hakuna mwaka uliopita bila chanjo ya kichaa cha mbwa. Na kila Jumamosi alimkalisha mlango wa nyuma, akampekua masikio na katikati ya vidole kutafuta kupe, kisha akamsugua manyoya mpaka yakang'aa.

"Mbwa hana mdomo wa kuomba," alimwambia binti yake. "Usipomkagua wewe, ugonjwa utamkagua."

Binti huyo alikuwa kitinda mimba wake, na mtaa mzima ulimwita Kitinda. Alikuwa msusi. Baada ya msiba wa mama yake alirudi kukaa na baba yake. Alitoka asubuhi kwenda saluni na kurudi jua likizama.

Mwaka uliofuata Soksi akaanza kunenepa. Mwanzoni ilikuwa mzaha, watu wakiuliza atazaa lini. Kisha akaanza kutapika, akawa anapanda ngazi mbili za mlangoni akihema kama mbeba magunia. Wakampeleka kwa daktari wa mifugo, mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka. Siku hiyo hakucheka. Alipitisha vidole ubavuni mwa Soksi.

"Mbavu za mbwa ukizipapasa lazima uzihisi. Za huyu zimefukiwa. Anakula mara ngapi?"

"Mara mbili," Mzee Brashi alisema, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama anajua kuvaa viatu.

"Basi kuna mtu mwingine anamlisha."

Njia nzima Kitinda alimfikiria Mama Pacha, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Waliishi vizuri, hata kamba ya kuanikia nguo walitumia moja. Lakini nani mwingine angeweza kurusha makombo uani kwao? Jioni ileile akaenda kumwuliza, na swali lilimtoka kama shtaka.

Mama Pacha alikuwa anakuna nazi. Hakunyanyua kichwa. "Mimi nina vinywa viwili humu ndani havishibi. Makombo ya kumpa mbwa wako nitayatoa wapi?"

"Nauliza tu, dada."

"Hujauliza. Umeshahukumu." Akainuka, akafunga mlango taratibu, na kufungwa huko taratibu kulimuuma Kitinda kuliko kama ungebamizwa. Kesho yake kamba ya nguo ilikuwa imefunguliwa upande wa jirani, inaburuzika chini.

Halafu siku moja umeme ulikatika saluni. Mashine za kukaushia nywele zikanyamaza, wateja wakaondoka, na Kitinda akarudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Alimkuta baba yake uani, amechutama, anamwangalia Soksi akila bila hamu. Mbwa alipomaliza, mzee aliliosha bakuli, akalifuta, akalifudikiza juani. Akakaa kwenye kigoda, akavuma wimbo kidogo. Kisha macho yake yakaangukia lile bakuli.

"Ah, Soksi, mama yangu. Leo nimekusahau kabisa."

Akainuka, akawasha jiko.

Kitinda alikuwa bado kasimama mlangoni, mkoba begani. "Baba, si ameshakula sasa hivi?"

"Amekula nini? Bakuli si hilo, kavu."

"Umeliosha wewe mwenyewe."

Mzee alimtazama kwa muda, kama anayetafuta jina la mtu. Kisha akacheka. "Umeanza kunichunga kama mtoto mchanga?"

Kitinda aliingia ndani, akakaa kitandani na viatu vyake. Mambo mengine yakaanza kujipanga kichwani: chumvi iliyonunuliwa tena na tena, bomba lililoachwa wazi, jinsi baba alivyomuuliza mama yuko wapi, akasema ameteleza ulimi. Alimpigia kaka yake, dereva wa lori. "Uzee huo," kaka alisema. "Mtoeni mbwa, yaishe." Kama vile tatizo lilikuwa mbwa. Kitinda akafungia chakula cha Soksi kabatini, akaenda na ufunguo, na akajiambia mengine atayatafakari wiki ijayo. Hakukumbuka dawa ya kumwogeshea Soksi kupe, iliyokuwa juu ya rafu bafuni.

Jumamosi saluni ilikuwa imefurika. Alikuwa katikati ya kichwa cha mteja simu ilipolia. Mama Pacha.

"Sikupigii kwa salamu," sauti ilisema. "Mbwa wenu anatetemeka. Na mzee anamwogesha tena."

Kitinda alimwachia mwenzake kile kichwa, akakimbia. Uani alimkuta Soksi kalala ubavu, mate yanamchuruzika, miguu inapiga hewa. Mama Pacha alikuwa ameshapita kwenye lango, amepiga magoti, anamsuuza mbwa kwa sabuni na maji mengi. Beseni lililojaa maji meupe ya dawa alilisukumia mbali. Mzee Brashi alisimama kando na kitambaa mkononi.

"Kupe wamemjaa," alisema. "Nimeona kwa macho yangu."

Walimfunga Soksi kwenye shuka, wakampakia kwenye teksi, mzee mbele, wanawake nyuma na mbwa mapajani mwao. Daktari wa mifugo alimchoma sindano, akamtundikia dripu. Alipotulia kidogo akawageukia.

"Dawa ya kupe ni sumu iliyopunguzwa. Unaichanganya kwa kipimo, unamwogesha mara moja, unasubiri mpaka muda wake upite. Leo mmemwogesha mara ngapi?"

"Mara moja," mzee alisema.

Mzee akatazama mikono yake. Ngozi ya vidole ilikuwa imekunjamana na kubabuka, kama ya mtu aliyeshinda kwenye maji tangu asubuhi. Aliigeuza, akaitazama upande wa pili.

"Daktari," akasema polepole, "sijui."

Kitinda hakuwahi kumsikia baba yake akisema neno hilo. Mzee alitoka nje, akakaa kwenye benchi, na binti yake alipomfuata alimkuta analia bila sauti.

"Mtafutieni Soksi mtu. Mpeni kabla sijamuua."

"Baba, twende nyumbani kwanza."

"Nakwambia nikiwa na akili zangu, mwanangu. Sikiliza sasa, maana kesho sijui."

Soksi alipona, ila alirudi dhaifu, mguu mmoja wa nyuma ukiburuta. Mzee alikataa kumgusa. Mbwa alimwendea, naye akahamisha kigoda. Kitinda alimpeleka baba yake hospitali, na ugonjwa wa kusahau waliotajiwa huko haukuwa na dawa ya kuurudisha nyuma, ila ya kuuchelewesha tu. Kumtoa Soksi hakuweza. Alimwona baba akimtazama mbwa, akidhani haonekani.

Akaenda kwa jirani. "Nilikukosea, dada."

"Ulinikosea," Mama Pacha alisema. "Na kinyongo bado ninacho, usidhani kimeisha." Akavuta kiti kwa mguu. "Kaa. Hicho chakula cha mbwa kilete jikoni kwangu. Nitamlisha mimi mchana, wewe jioni. Dawa zote ondoa mle ndani, za mbwa na za watu."

Ikawa hivyo. Kitinda alibakiza kitu kimoja uani: brashi ya manyoya. Kwa siku kadhaa mzee aliipita kama haioni. Kisha alasiri moja, Kitinda akiwa ndani anakunja nguo, alimsikia akiita.

"Hii brashi, haiwezi kumdhuru?"

"Haiwezi, baba."

Akasikia brashi ikianza kupita kwa mivuto mirefu, sawasawa, kwa mkono wa mpaka rangi. Baadaye sauti ya mzee ikavuka ukuta.

"Jirani, huyu ameshakula?"

"Ameshakula, mzee."

Brashi ikaendelea.

"Jirani, huyu ameshakula?"

"Ameshakula, mzee," Mama Pacha akajibu, kwa sauti ileile, kama ameulizwa kwa mara ya kwanza.