Paka Chini ya Gari la Kiwengwa

Kitu cha kwanza alichokiona Zahran alipofika Kiwengwa kilikuwa paka. Wanne, wamejinyoosha chini ya gari la marehemu baba yake, mmoja akiramba chuma kama mtoto anavyoramba mwiko.

"Rawiya! Siku hizi unapakia samaki?"

"Shikamoo kwanza, kaka," dada yake alijibu kutoka barazani.

"Marahaba. Unapakia samaki?"

"Napakia wafanyakazi wa hoteli, kama jana na juzi. Paka wana mambo yao."

Zahran hakuja kwa ajili ya paka. Alikuja kuuza. Gari lile la viti saba lilibaki kwa Rawiya baada ya mirathi, na tangu alipotoka eda ya mumewe ndilo lililomlisha yeye na wanawe. Lakini mafungu mawili kati ya matatu yalikuwa ya Zahran, na Zahran alikuwa na hoja. Alikuwa mtu wa bima, ameona magari ya kisiwa kizima. Mwenye gari wa Kizimbani fedha zake huishia kwenye springi na matairi, kwa zile njia za mashamba. Wa Mji Mkongwe hulipia pahala pa kulilaza, maana vichochoro havilipitishi. Wa pwani ya mashariki, kama hapa Kiwengwa, humlipa mchomeaji azibe kutu ya chumvi, akamlipa tena, mwisho akauza chuma chakavu. Bora wauze sasa, lingali na bei.

Rawiya alimsikiliza mpaka mwisho. Hakulia, wala hakumtaja baba.

"Ukaguzi ni Jumatatu," alisema. "Nyundo ya mkaguzi ikizama, uza. Isipozama, usinitajie tena."

"Nyundo ya nini? Kidole kitatosha."

"Kitie basi."

Zahran akavua kofia, akatandika mkeka, akajisukuma chini ya gari. Paka walimpisha shingo upande. Chesisi ilikuwa nyeusi, imeganda utando mzito. Akaukwaruza kwa ufunguo; chuma kikatoka cheupe. Akakwaruza penye maungio, ambapo kutu huanzia. Cheupe. Ndipo harufu ikamwingia.

"Hii sifa! Umelipaka mafuta ya papa, kama chombo cha bahari?"

"Mbao inastahimili chumvi kwa sifa, chuma kwa nini kisistahimili?" Rawiya alichutama kando ya tairi. "Ila mwanzo nlikosea. Nlipaka mwezi wa nane, hoteli zimejaa. Wasichana wa mapokezi wakafika kazini wananuka papa. Meneja aliniita, nkataka ardhi ipasuke."

"Na sasa?"

"Sasa nangoja masika. Hoteli zimefungwa, na bati lanijazia mapipa ya maji ya mvua. Naosha chini, naacha likauke, breki na mipira nafunika, ndio napaka. Wageni wakirudi, harufu wanaisikia paka tu."

"Majirani wako wanaosha kila siku, na magari yao yanaoza."

"Wanaosha kwa maji ya kisima. Umeshayaonja maji ya kisima chetu, kaka? Wanaosha chumvi kwa chumvi."

Zahran akabaki chali. Miaka yote aliyokuwa akiandika sababu za kutu, hakuwahi kumuuliza mtu anaosha kwa maji gani. Alichokuwa akikitazama hakikuwa bahati. Mvua, likizo ya hoteli na mafuta ya papa: dada yake amevipanga vyote vikaangukia msimu mmoja. Hata hivyo ufunguo si nyundo, na Jumatatu alifuatana naye mjini.

Mkaguzi, mzee Kheir, aligonga kuanzia mbele kwenda nyuma. Chuma kikaitika. Akasita, akanusa.

"Gari la wapi hili?"

"Kiwengwa," akasema Rawiya.

"Acha mzaha, bibi."

Akarudia kugonga, safari hii kwa nguvu, kama aliyetukanwa. Chuma kikaitika vilevile. Akaweka saini yake.

Zahran hakutaja kuuza. Alikwenda pale alipoegesha gari lake mwenyewe, ambalo hulala Malindi, hapo hapo mjini, karibu na ukuta wa bahari. Lilikuwa liking'aa, kila wiki hulipiwa kuoshwa, juu tu. Akainama, akapitisha kidole chini ya mlango. Kipande cha kutu, kipana kama jani la mkungu, kikaanguka mchangani.

Rawiya alikuwa amesimama nyuma yake.

"Kidole kimetosha?"

Zahran alipangusa mkono. "Sifa yauzwa wapi?"

"Ngoja masika," alisema Rawiya. "Na mkeo mwambie mapema."