Kabla ya Makofi

...na bado ubeti mmoja na kiitikio, halafu mimi, kabla ya makofi, nitafungua mdomo niseme kama ninavyosema kila mwaka, siku kama ya leo, msikilizaji, Chiriku alianguka jukwaani akiimba, na watu watatikisa vichwa jikoni mwao na kwenye magari yao, kifo cha msanii hicho, watasema, kana kwamba kuna kifo cha msanii na kifo cha fundi bomba, kana kwamba kaburi linauliza kazi... matukio ya mwanzo nimeyasoma vizuri tu, siku kama ya leo alizaliwa mpiga tarumbeta aliyefundisha nusu ya wapiga tarumbeta wetu, siku kama ya leo kiwanda kilitoa santuri yake ya kwanza na upande wa pili ukatoka mtupu, hauna hata mkwaruzo, watu wakairudisha dukani wakidai wimbo wao, hapo fundi mitambo alicheka nyuma ya kioo na mimi nikacheka, kwa nini nisicheke, sikuwa na mtu wangu humo... sasa wimbo huu, sauti hii inayopanda kama mtu anayepanda ngazi bila kushika ukuta, wote wanaiita Chiriku, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa naiita mama, na nimeshamzidi umri, mama yangu, mimi sasa ni kama dada yake mkubwa, ningekuwa pale ningemwambia shuka hapo jukwaani mdogo wangu, daktari amesema moyo wako haufai, pumzika, na yeye angenijibu alivyomjibu mama mdogo, nitapumzika Jumatatu, leo Jumapili, leo dansi... na Mzee Besi ameketi mbele yangu, upande wa pili wa meza, kofia magotini, koti aliloshonewa alipokuwa na mabega, wa mwisho wa bendi nzima aliyebaki, mkuu wa vipindi amemwalika bila kuniuliza, surpraizi, alisema, binti wa Chiriku na mpiga besi wa Chiriku, wasikilizaji watalia, na mimi nani atanifuta machozi, niliwaza, lakini nikasema sawa bosi... shikamoo, nilimwambia Mzee Besi pale mlangoni, ikanitoka kama mwiba wa samaki, marahaba mwanangu, akasema, akanishika mkono muda mrefu mno, mikono migumu, vidole bapa mwishoni, nikauchomoa wangu, kwa sababu ni mikono hii, ni hii hii, mama mdogo, aliyekuwepo ukumbini, aliniambia hata kabla sijaota meno ya ukubwani, alikuwa ananichemshia uji, akasema bila kugeuka, mama yako yuko chini, mwanangu, amelala sakafuni, na yule wa besi anapiga tu, anapiga tu, kama hana macho... na mimi nilikuwa nyumbani siku ile, mama alikuwa ananisuka, akafika katikati, saa ya dansi ikafika, akasema upande huu nitamalizia nikirudi, usiguse, nami sikugusa, watu wakajaa sebuleni, wakatandika mikeka, wanawake wakanikumbatia mmoja mmoja, na kichwa changu nusu kimesukwa nusu kimetimka, hakuna aliyethubutu, hata mama mdogo, aliyekuwa anathubutu kila kitu, mpaka siku ya kuvunja matanga ndipo aliponikalisha chini akafumua zile nyuzi za mama, moja moja, taratibu, akawa analia puani... kiitikio hicho, wanaume wanaitikia nyuma yake, wote wamekufa hao, mpiga solo kwa ini, wa tumba kwa ajali, na redioni bado wako freshi, wanaitikia kwa nguvu kama watu walioshiba... "Dada," fundi mitambo ananiambia kwenye hedifoni, "nakata pale pale?" naam, pale pale, siku zote nikiinua mkono anaufifisha wimbo kabla ya makofi, anadhani nalinda muda wa matangazo, hajui, nitamwambiaje, kwamba alikuwa na mbwembwe yake mama, mwisho wa wimbo huu alikuwa anapiga magoti na ukumbi unalipuka, na siku ile alipokwenda chini walidhani ni magoti yale yale, wakasimama, wakapiga makofi, wakapiga miluzi, mtu anakata roho wao wanasema tena! tena! na mashine ya kurekodi inazunguka tu, na watu wameinunua rekodi hiyo, wameicheza kwenye harusi zao... mkono, inua mkono sasa, sauti ndiyo ile inapanda mara ya mwisho... "Usikate, mwanangu," Mzee Besi anasema, taa nyekundu haijawaka, hatusikiki nje, ameinama mezani, "nakuomba. Kila mwaka naweka redio sikioni, kila mwaka mnakata," na mkono wangu umebaki pale hewani kama wa mwanafunzi asiyejua jibu, halafu umeshuka, sijui nani ameushusha, fundi mitambo amenikodolea macho, na makofi haya hapa... ni mengi, Mungu wangu, ni kama mvua ya mawe juu ya bati, nilijua nitasikia makofi tu, maisha yangu yote nimesikia makofi tu, lakini kuna kitu chini yake, tarumbeta imeacha, solo imeacha, ngoma imejikwaa, imeacha, na besi haijaacha... inakwenda peke yake, polepole, dum, dum... hatua za mtu anayetembea gizani ndani ya nyumba anayoijua... "Uliona," namwambia, sauti yangu imetoka mbaya, "uliona ameanguka," na yeye, "Niliona. Wengine walikuwa nyuma yake, wao waliona mgongo. Mimi nilikuwa ubavuni. Alinitazama," "Sasa mbona ulipiga?" sikusema mzee, sikusema tafadhali, na yeye haniangalii, anaangalia meza, "Mama yako alikuwa anapotea wimboni," anasema, "sauti kubwa vile lakini maneno yanamtoroka. Akipotea, mimi namshikia chini, hivi, polepole, mpaka apate njia. Tulikuwa tumezoeana hivyo. Nikadhani..." anaigeuza kofia magotini, "nikadhani akisikia, atarudi," ... atarudi, amesema atarudi, mzee mzima, na alikuwa kijana wakati ule, mdogo kuliko mwanangu alivyo sasa, amesimama na nyuzi nne za besi mbele ya ukumbi unaopiga kelele, anamwonyesha mtu njia na mtu haji, na hajaacha, sikiliza, bado hajaacha, watu wameanza kupunguza makofi, wameanza kushtuka, kuna mwanamke amesema jamani, nimelisikia, jamani, na besi bado, dum, dum... mama mdogo hakusema uongo, alipiga tu, alipiga tu, na mimi nimeyabeba maneno hayo kama jiwe mfukoni, nikichoka nalitoa, nalishika, najua kuna mtu aliyefanya hivi, ana jina, ana mikono, siku moja nitamwambia, na leo nimemwambia, na mtu mwenyewe ndiye huyu... nyumbani mimi nilikuwa nimekaa mkekani nimeshika upande wa kichwa usiosukwa ili nywele zisitimke zaidi mpaka arudi, na ukumbini yeye ameshika uzi ule ule mmoja mpaka arudi, tulikuwa wawili, basi, tulikuwa wawili tunaomsubiri, na hakuna aliyeniambia... "Dada, inaisha hiyo, uko tayari?" fundi mitambo ameinua kidole, taa bado haijawaka, Mzee Besi ameketi pale pale na kofia yake, meza ni ile ile, kikombe cha maji ni kile kile, na ile chuki ambayo imenilea, iliyonisomesha, iliyonisimamisha wima kila mwaka siku hii hii, naitafuta, naipapasa kila mahali, haipo, mama amekufa, hakuna aliyemuua, mama amekufa tu, na mimi sina tena wa kumchukia...