Bwawa la Ukurasa wa Mwisho

Jarida la Nilotpala, yaani yungiyungi la buluu, lilikuwa na ugonjwa mmoja: wasomaji wake wote walikuwa washairi, na mshairi gani atakubali kulipa ada ili ajisome mwenyewe? Mashairi ya Kisanskrit yalimiminika kila mwezi nyumbani kwa Ghaisas Shastri, mhariri, pale mjini Wai, India. Pesa tu ndizo zilizokuwa haziijui njia.

Shalmali, bintiye, alikuwa akikunja majarida hayo na kubandika stempu tangu utotoni. Ndiye aliyemkaribisha Kothawale, mwenye mtambo wa kuchapa. Kothawale hakuwa mtu mbaya. Alikula sahani mbili za poha, ule mchele bapa wa kukaanga, akasifu ndimu iliyokamuliwa juu yake, kisha akaiambia chai yake, maana kumtazama mzee usoni hakuweza, kwamba toleo lililo mtamboni atalimalizia, lakini la mwezi ujao hachapi mpaka deni la nyuma lipungue. Alipoondoka, Shastri alibaki akichezea uzi wake mtakatifu wa begani. Jarida lilimzidi Shalmali umri. Bangili za dhahabu za marehemu mama yake ziliishia humo humo.

Shalmali akamsihi baba yake awaombe wasomaji pesa, waziwazi. Mzee akajifungia chumbani na kutoka na ubeti mmoja, mizani imetulia kama maji mtungini. Mshororo wa mwisho uliuliza: yungiyungi lifanyeje, bwawa likikauka?

"Pesa ziko wapi hapa, Baba?"

"Mshororo wa tatu. Mwenye akili ataziona."

Shalmali aliutazama mshororo wa tatu mpaka macho yakamwuma, akaona korongo mmoja tu amesimama. Lakini mtambo ulikuwa ukisubiri, na nafasi iliyobaki ilikuwa ukurasa wa mwisho. Basi ubeti ukaenda huko.

Sasa, ukurasa huo ulikuwa na kazi yake. Kila mwezi mhariri aliweka hapo mshororo wa kufungia, wasomaji wakatunga mitatu ya kuutangulia, na walioshinda wakachapwa. Wasomaji wakaona bwawa, wakaona yungiyungi, wakadhani safari hii Shastri ameonyesha na mfano. Wakanoa kalamu.

Tarishi alileta barua kwa gunia. Shalmali alizifungua kwa pupa, na kila bahasha ikatoa shairi. Katika moja yungiyungi lilifunga safari kwenda kuhiji. Katika nyingine lilimpangisha chura. Profesa mmoja wa Jaipur alitunga majibu kumi na moja, na mwisho akauliza kama mhariri yu mzima wa afya. Rupia haikuwemo hata moja.

Shastri alianza kuyasoma kwa aibu. Baadaye akatabasamu, na punde akawa anapiga mizani kwa kidole pajani, amesahau kabisa.

"Baba, nyumba inaungua, na hawa wanausifu moto."

"Lakini wanausifu kwa mizani, mwanangu."

Shalmali hakucheka. Akasema kila mmoja wa hawa aandikiwe kwamba shairi lake limependeza, na kwamba bila ada halitachapwa. Mzee akakasirika. Akasema baba yake mwenyewe alifundisha watu bure, akawalisha na wali juu yake. Shalmali akamkumbusha kwamba babu alikuwa na mashamba ya mpunga, na wao wana mnazi mmoja, nao umeegemea kwa jirani.

Mzee akazipanga upya zile barua. Aliposema, hakumtazama.

"Niliandika vile ili wasielewe. Wangeelewa wakakataa, ningefanyaje?"

Shalmali alikwenda kuleta kadi za posta. Mzee akazivuta kwake, akaandika kwa mkono wake, maneno ambayo mwanafunzi wa Kisanskrit wa mwaka wa kwanza angeyafasiri: Ubeti wako ni mzuri. Sina pesa za kuuchapa. Tafadhali lipa ada. Kadi ya kwanza ilimtoa jasho kuliko diwani nzima. Kufikia ya ishirini alikuwa akiandika kama mtu anayekuna upele.

Hawala za posta zikaanza kuja. Hazikuwa nyingi, ila Kothawale alipoletewa alikubali kuwasha mtambo, akauliza kurasa ni ngapi. Swali hilo lilikuwa gumu, kwa sababu kwenye kila hawala, katika ile nafasi ya ujumbe yenye upana wa vidole viwili, mlipaji alikuwa amebana ubeti mpya.

Mmoja ulitoka kwa mwalimu mstaafu wa Thrissur, mjane, kwa mwandiko mdogo kama sisimizi. Humo bwawa limekauka, na mvua inafika imechelewa, inalia: mbona hamkuniita?

Shastri aliusoma, akaurudia. Kisha akampa Shalmali ile karatasi na kumwambia huu uende ukurasa wa kwanza.