Ada ya Kuangalia Jina Langu

Mugambi alikuwa mwizi. Hilo nilikuwa nalo moyoni tangu Jumatatu, na mimi nikishamtia mtu moyoni namna hiyo, kumtoa ni kazi.

Saiba yake iko hapa Kizingitini karibu na mizani ya samaki: kompyuta mbili, mashine ya kutoa kopi na benchi la wanaongoja. Nilimwendea kwa shida moja tu. Kituo cha afya, ambako nimejitolea miaka minne kufagia na kupanga dawa bila senti, kilikuwa kimetangaza kazi ya kutunza stoo. Ya mshahara, jamani! Bi Nerea, msimamizi wa kituo, mtu wa bara, akaniambia, "Mwanamkisi, kazi hii nataka uipate wewe. Lakini niletee cheti cha CRB kabla ya Ijumaa saa sita. Bila hicho jina lako siwezi kulipeleka ofisi kuu Amu."

CRB ni wale wanaoweka kumbukumbu za kila aliyekopa na asiyelipa. Mimi sijakopa hata chumvi. Nikajua ni jambo la dakika tano.

Mugambi akanidai mia saba ya kuangalia jina. Nikatoa. Akageuzia kioo upande wake, akabonyeza bonyeza kwa kidole kimoja, akakohoa. "Mama Rayyan, network imekataa. Kuja kesho." Jumanne, mia saba nyingine. Risiti? Hana. Safari hii akakunja uso.

"Jina lako liko na shida. Kuna mkopo."

"Mkopo gani?"

"Ndio lazima niangalie tena vizuri. Mia saba."

Na kioo bado kiko upande wake! Mtu analiangalia jina langu, mimi mwenye jina silioni. Safari hii sikutoa, nikaondoka zangu kwa hasira.

Nyumbani nilimkuta Hayat anamkata Rayyan kucha. Hayat ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Rayyan, mwanangu wa miaka saba, hula kule analala huku, au kinyume chake. Nilipomweleza, Hayat akauacha mkono wa mtoto.

"Wachana nao," akasema. "Hiyo ni ndia ya kula pesa za watu. Leo shida moya, kesho shida nyingine. Usirudi kabisa, Mwanamkisi. Kazi zitakuya nyingine."

Nilishangaa kidogo, maana ni yeye aliyenisukuma niiombe kazi ile. Nikasema ananionea uchungu tu.

Nikakaa nikawaza. Mwaka juzi Mugambi alitoa kopi ya kitambulisho changu kwa fomu za shule. Je, aliitoa moja au mbili? Na kwetu kitambulisho ni kama kinu, huazimwa. Wengi huku hukaa miaka bila kukipata, wanaulizwa babu wa babu yao kazikwa wapi, wanarudishwa. Kwa hiyo laini za simu zilipotakiwa kusajiliwa, mimi niliyekuwa nacho nilisajili za mtaa mzima: ya shangazi, ya Hayat, na za wanawake wengine watatu. Lakini hao nawajua. Mugambi simjui. Mawazo yangu yakaishia hapo.

Jumatano Bi Nerea aliposikia, aliweka kalamu chini. "Nani amekwambia ulipe? Ripoti yako mwenyewe, mara moja kwa mwaka, ni bure. Ni sheria. Ukitaka kuiona tena ndipo kuna ada, na hiyo ada si ya mtu kujipangia. Utalipia cheti. Kuangalia, hapana." Akaniandikia hayo kwenye karatasi.

Ehee! Nikampitia Hayat nikamwambia twende. Akasema kichwa kinamuuma. Nikamwambia kitapoa akimwona Mugambi anazitapika pesa zangu. Akaja, pole pole, simu mkononi.

"Bwana Mugambi," nikaanzia mlangoni, benchi limejaa watu, "geuza kioo!"

Akaisoma karatasi. Jasho likamtoka. "Mama Rayyan, hiyo ilikuwa ada ya huduma tu..."

"Huduma ya kuonyeshwa mgongo wa kompyuta? Geuza!"

"Geuza, bwana," akacheka Fadhil, mnunuzi wa kamba wa baharini, kutoka benchini. "Huyu hatoki hapa."

Akageuza. Nikampa namba ya kitambulisho, ujumbe ukaingia kwenye simu yangu mwenyewe, na ripoti ikafunguka bila shilingi moja. Na kweli, mkopo ulikuwepo. Mkopo wa simu, elfu tatu, haujalipwa, na riba juu yake. Jina langu, kitambulisho changu, na namba ya simu isiyo yangu.

"Mwizi wewe! Umechukua kopi ya kitambulisho changu ukanikopea!"

"Haki ya Mungu, mia saba zako nimekula, nakubali. Huo mkopo siujui."

"Amekubali!" mtu akapiga kelele. Fadhil akasimama, akasema polisi waitwe. Mugambi akafungua droo akaanza kunirudishia noti zangu. Hayat akanivuta buibui kwa nyuma nimfuate.

"Pesa zako umepata. Ndoo, twende zetu. Ndoo!"

"Siendi! Naipiga namba hii hapa hapa, tusikie italia mfukoni mwa nani."

Nikabonyeza tarakimu moja moja kutoka kwenye kioo. Namba za watu sizijui kwa kichwa, nani anazijua siku hizi? Nilipobonyeza ya mwisho, simu yangu ikaandika yenyewe: Hayat.

Nikafuta. Nikaangalia kioo tena, labda nimekosea, na hapo ndipo nikaiona tarehe ya mkopo. Kumi na moja Mei, mwaka jana. Siku ile Rayyan alikuwa amekakamaa kwa homa, mwenye boti ya kumkimbiza hospitali Amu anataka elfu tatu mkononi, mimi nina mia mbili. Hayat alikuja mbio akanifungia noti kwenye pindo la leso. "Nilikuwa nimeziweka," alisema. Mwanamke anayeshona makuti, ameziweka kutoka wapi? Mimi ninayemshuku kila mtu, siku ile sikuuliza. Wala sikumrudishia, wala hakudai.

"Piga basi!" akasema Fadhil.

Hayat alikuwa ameikumbatia simu yake kwa mikono miwili, macho chini.

"Si lazima," nikasema. "Laini hii niliisajili mimi."

Watu wakaguna. Mugambi akajipangusa uso. "Kama si wewe uliyekopa, kuna fomu ya kulalamika. Nikiituma leo, utapata barua ya kumwonyesha Nerea kabla ya Ijumaa." Akaifungua mwenyewe, safari hii kioo kikiwa upande wangu, akaanza kunisomea. "Unamshuku nani?"

"Simshuku mtu. Mkopo ni wangu. Nionyeshe pa kulipia."

Nikazisukuma noti zilezile alizonirudishia juu ya meza, zilizobaki nikaenda kuzitoa nyumbani kwenye kibubu changu cha sikukuu ya Idi. Akanieleza kwamba hata nikilipa leo, jina halitasafishika ila wiki ijayo.

Ijumaa saa sita cheti kilikuwa bado. Stoo akapewa msichana wa Faza. Hayat alikuwa jikoni kwangu, ananikunia nazi bila kuombwa, hajanitazama tangu Jumatano.

"Mbona hukuniambia?" nikamwuliza.

"Ungetaka kunilipa," akasema. "Na hukuwa na cha kulipa."