Chupa ya Nyaruai

Nilikuwa nyumbani Matisi, Kitale, kwa mwaliko wa mwalimu mkuu. Mwaliko ulikuwa wa wiki mbili, na sababu yake ni kwamba nilipiga kengele ya chakula cha mchana saa nne asubuhi, walimu wanne wakaja na sahani zao. Hivyo ndivyo, mwaka ule wa 2005, wenzangu wakisoma kemia, mimi nilivyoteuliwa kuandamana na Mama kumpeleka dadangu Nyaruai Bungoma.

Nyaruai alikuwa na miaka minne na homa ya miezi miwili. Daftari lake la hospitali, lile la kurasa thelathini na mbili, lilikuwa limeandikwa neno moja mara tatu: malaria. Mara tatu alimeza dawa chungu, mara tatu homa ikashuka na kurudi. Hakuna aliyempima chochote. Alipolia akienda chooni, majirani walisema ni deko. Shangazi Dinah, anayeishi Bungoma, ndiye aliyesema, "Mlete huku. Kuna daktari anasikilizanga watu."

Daktari Phelista alisikiliza. Kisha akalisoma daftari na kuvua miwani.

"Mama Gathogo, huyu amewahi kupimwa mkojo?"

"Mkojo? Hapana. Ni joto tu alikuwa nayo."

"Malaria mara tatu, na hakuna mtu alitoa hata tone la damu! Mimi nashuku ni mkojo uko na maambukizi. Yakikaa yanapanda mpaka kwa figo, na figo ya mtoto ikipata kovu, hilo kovu haliendi. Lakini siwezi kukisia kama hao. Nataka mkojo kwanza."

Mama alimwosha Nyaruai, akamketisha kwenye poti iliyosuuzwa kwa maji moto, akanikabidhi chupa, kisha akaenda kwenye simu ya jamii kumweleza Baba, aliyekuwa Moi's Bridge akiuza mahindi. Ilikuwa Ijumaa. Wanjala wa maabara alitoa kichwa dirishani.

"Nafunga saa saba. Kutoka hapo ni Jumatatu."

Ilikuwa saa nne. Nilijiona tajiri wa muda.

"Nyaru, kojoa."

"Sitaki."

"Kunywa maji basi."

Alikunywa vikombe vitatu. Niliimba. Nilifungua bomba la uani litiririke. Nilimwahidi mandazi, kisha baiskeli, na nilipoishiwa na mali, nikamwahidi shamba la Baba lote.

"Kunachoma," alisema, akabana miguu.

Saa tano na nusu aliinuka, akatembea hatua tatu, akakojoa sakafuni huku akilia. Nilipiga deki. Saa sita tukaanza upya. Alinitazama kama hakimu.

"We kijana," Wanjala aliita, "unangoja mvua?"

Saa saba kasoro dakika kumi na tano, Mama alikuwa bado kwenye foleni ya simu na poti ilikuwa kavu kama jangwa. Naomba ieleweke kwamba haukuwa mchezo. Michezo yangu huwa naipanga. Hili nililifanya kwa kuchoka. Nilimwacha Nyaruai na mama mmoja kwenye benchi, nikaenda chooni, nikaijaza ile chupa mwenyewe mpaka shingoni, nikaipeleka dirishani.

Mama alirudi pamoja na jibu. Mkojo ulikuwa safi kabisa.

"Basi si mkojo," alisema Daktari Phelista, akiandika bila furaha. "Tumpe ya kupunguza joto, arudi wiki ijayo."

"Asante Yesu!" Mama aliinua mikono. Sijawahi kuona mtu akishukuru kibofu changu hivyo.

Tulipofika langoni, Nyaruai alichuchumaa kando ya ua akojoe, akapiga mayowe.

"Nyamaza," Mama alimwambia. "Daktari amesema huna kitu."

Nilimvuta Mama mkono.

"Mama, ule mkojo ulikuwa wangu."

"Gathogo, si leo. Wacha michezo."

"Naapa, Mama."

"Hata kengele uliapa hukuipiga."

Nilirudi mbio. Daktari Phelista alikuwa akifunga mlango. Nilipomwambia, aliacha ufunguo mlangoni.

"Chupa ilijaa," alisema polepole. "Mtoto anayeumwa hivyo hajazi chupa. Ilifaa niulize." Kisha sauti ikapanda. "Unajua nilikuwa namrudisha nyumbani na hiyo figo? Unajua?"

Alichukua daftari mikononi mwa Mama, aliyekuwa amenifuata, akakata jibu, akaandika kwa wino mwekundu: *Mkojo wa kwanza ni wa kaka yake.* Mama alisoma akaketi.

"Miezi miwili naomba Mungu jibu," alisema, "na wewe unaniletea lako."

Wanjala alikuwa tayari juu ya baiskeli. Daktari alishika usukani. "Chakula kitangoja."

"Daktari, huyu ni wa kuchapwa kwanza!"

"Utamchapa baadaye. Fungua."

Mama alimshikilia Nyaruai juu ya poti, akimwimbia kwa Kikuyu sikioni, dakika ishirini nzima. Yalitoka matone machache, yenye ukungu kama maji ya kuoshea sufuria ya uji. Yalitosha.

"Usaa kila mahali," Wanjala alitangaza kutoka kwenye darubini.

Sijawahi kufurahia habari mbaya kiasi hicho. Nyaruai alipewa dawa ya maji ya siku kumi, na amri ya kurudi baada ya hapo apimwe tena na apigwe picha ya figo.

Tulilala kwa Shangazi. Mama hakunisemesha Ijumaa. Jumamosi alinipitishia chumvi bila kunitazama. Nyaruai alikuwa na joto bado, na kila alipolia chooni nilijificha nyuma ya banda la kuku.

Jumapili asubuhi aliamka bila joto, akaenda chooni mwenyewe. Nilisimama nje ya mlango nikisikiliza kama polisi. Nilisikia maji tu.

"Gathogo, nimemaliza!" aliita.

Hakuwa amelia. Niligeuka nikamkuta Mama nyuma yangu, kijiko cha dawa mkononi, naye akisikiliza.

"Unasimama nini?" aliniuliza. "Lete maji anawe."

Nilikimbia.