Maji ya Wageni

Dokta Nasri nilimfokea mbele ya watu, na sijutii hata kidogo. Ilikuwa mwaka tisini na tano, kikaoni, ofisini kwetu Themi. Mimi, Batuli, ndiye niliyekuwa mratibu wa mradi wa maji. Kazi yangu ilikuwa kuwaunganisha watafiti wa chuo kikuu na manesi wa zahanati ya Oldonyo Sambu. Kuwaunganisha! Watu ambao hata chai hawakuwa wakinywa meza moja.

Nasri, mkuu wa watafiti, alikuwa ametoka kutangaza kwamba maji ya Oldonyo Sambu ni salama, hayana floraidi ya kuharibu meno na mifupa, kwa hiyo wafadhili watapeleka bomba kijiji kingine. Salama? Watoto wa kule meno ya kahawia, miguu matege!

"Vipimo ndivyo vinavyosema, Bi Batuli."

Ndipo nesi Pudensiana, aliyekuwa amenuna tangu asubuhi, akasema, "Yale yalikuwa maji ya mvua."

Ebo! Maji gani?

Akaeleza. Akina mama waliambiwa wageni wa chuo kikuu wanataka maji kwenye chupa. Ya kisimani yana chumvi, utampaje mgeni? Wakaenda kuchota kwenye tangi la kanisa, linalokinga mvua.

"Na wewe ulijua?" nikamuuliza.

"Niliambiwa kazi yangu kugawa chupa. Nikagawa."

Niliwawakia wote wawili: huyu kwa kukomoa watu kwa kimya chake, yule kwa kukaa ndani ya gari akisubiri aletewe chupa kama aliyeagiza soda. Nikamwambia Nasri akapime upya. Akasema ripoti imeshaondoka, na wafadhili wa siku hizi hawamsubiri mtu.

"Basi twende kijijini ukawaambie akina mama mwenyewe," nikamwambia. "Mimi siendi kukusemea."

Tulianzia kwa Simaloi, mama aliyekuwa wa kwanza kuleta chupa yake. Alitupokea kwa furaha, akatuwekea vigoda, akatuletea chai.

"Bomba letu linakuja lini, daktari?"

Nasri akajifanya anapuliza chai. Khaa! Mwanaume mzima. Akanywa, akasema chai ni nzuri.

"Ni maji ya tangi," Simaloi akasema, amejaa fahari. "Wageni hatuwapi ya kisimani."

Binti yake mdogo akatoka ndani, anatembea kwa kuyumba kwa ile miguu iliyopinda. Akachota kikombe kwenye ndoo ya maji ya kisima, akanywa, akachota tena. Nasri hakuweza kuvumilia. Aliinuka, akamnyang'anya mtoto kile kikombe, akampa chai yake.

Simaloi akaiwahi, akamrudishia Nasri kwa mikono miwili.

"Hapana, baba. Usimzoeshe. Hayo ni ya wageni."

Mtoto akarudi kwenye ndoo. Nasri akanigeukia, macho yamemlowa, kama vile mimi ndiye wa kumwokoa.

"Usiniangalie mimi," nikamwambia. "Mama amekuuliza swali. Mjibu bomba linakuja lini."