Wimbo wa Mama Ulitoka Bubu

Kaka yangu tunamwita Mtaalamu, na jina hilo alijipa mwenyewe. Ukimuuliza kwa nini pasi haishiki moto, atakueleza habari za umeme tangu ulipogunduliwa, na pasi itabaki baridi vilevile. Kwa hiyo aliposema zawadi ya Baba kwenye sherehe ya miaka sabini aachiwe yeye, nilijua kuna jambo. Sikujua tu kwamba litatuvua nguo ukoo mzima.

Zawadi yenyewe ilikuwa wimbo. Baba alifundisha muziki maisha yake yote, na kabla hatujazaliwa alimtungia Mama wimbo wa kinanda. Siku hizi vidole vyake vinatetemeka, hawezi tena kuupiga. Bahati nzuri, vilipokuwa bado vinamtii, Kaka aliunganisha kinanda cha umeme cha Baba na kompyuta kwa waya, Baba akaupiga, ukahifadhiwa kama faili la kompyuta la aina iitwayo MIDI. Mpango ulikuwa kuugeuza uwe wimbo wa kawaida, unaoweza kuchezwa kwenye simu au spika yoyote, na kuusikilizisha ukumbi mzima.

Kaka akakichukua kinanda cha Baba kwa kisingizio cha kukisafisha, akakipeleka kwake. Nilikwenda kusikiliza. Kaka akabofya kitu kwenye kompyuta, na kinanda kikaanza kupiga wimbo wa Mama bila mkono wa mtu. Nililia kama mtoto. Yeye alikuwa amesimama pembeni, kichwa kimemvimba.

"Umeujaribu kwenye spika?" nikamuuliza.

"Si umeusikia kwa masikio yako? Nikishaugeuza, kazi imekwisha. Acha woga."

Siku ilipofika, ukumbi ulijaa wanafunzi wa zamani wa Baba, wengine wana mvi kumzidi. Wote walikuwa na hadithi moja: sikio la Mwalimu. Kwaya ikiimba kwa sauti zote, Mwalimu alikuwa akimnyooshea kidole yule mmoja tu aliyepotoka sauti. Baba alitabasamu tu. Sisi wa nyumbani tulijua kwamba redio yake sasa inasikika mpaka kwa majirani, na kwamba hapendi kutaniwa kuhusu hilo.

Kaka akashika maikrofoni, akajipiga kifua kidogo, akatangaza wimbo. Watu wakatulia. Akabofya.

Hakuna kilicholia. Kwenye kompyuta mstari ulikuwa unatembea, dakika zinahesabika, wimbo unakwenda zake. Fundi wa spika akapandisha vitufe vyake vyote, akamtazama Kaka, akainua mabega. Kaka akafungua mdomo asimamishe mambo. Ndipo Baba alipofumba macho na kuanza kupiga mapigo kwa kidole juu ya goti.

Nilimwona kila mtu akimwona. Kidole kilikwenda taratibu, kwa uhakika, na kichwa kikawa kinatikisika. Mahali fulani katikati ya kimya kile alimwinamia Mama. "Umesikia hapo wimbo unavyoteremka?"

Mama alikitazama kile kidole. "Nimesikia," akasema.

Haya ilinishika mpaka kwenye ncha za masikio. Natamani ningesema nilimhurumia Baba, lakini ukweli ni kwamba nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi, yeye na kompyuta. Kila mtu ukumbini alikuwa anatazama viatu vyake mwenyewe. Mstari ulipofika mwisho, kidole bado kilikuwa kinaendelea, na hilo sikuweza kulivumilia, nikaanza kupiga makofi. Wote wakafuata kwa nguvu, kama watu waliofunguliwa mlango. Baba akafumbua macho, akasimama, akainama kushukuru.

Watu walipokwisha kutoka, Kaka akamvamia fundi wa spika. "Nyaya zako mbovu! Umeniaibisha mbele ya watu!" Yule fundi akasogea mezani. Alichomoa waya kwenye kompyuta, akauchomeka kwenye simu yake, na muziki ukanguruma hadi barabarani. Kaka akanywea palepale.

Kesho yake asubuhi Mama akanipigia simu. "Baba yenu anasema kinanda kisirudi hapa. Kipelekwe shuleni. Anasema jana watu wote waliusikia wimbo, yeye hakusikia kitu, alipiga mapigo kwa kukumbuka tu. Mtu asiyesikia wimbo wake mwenyewe, kinanda cha nini?"

"Mama, si ungemwambia ukweli?"

"Nimwambie nini, mwanangu? Kwamba watu walikaa wakimtazama? Mimi siwezi."

Nilimkuta Kaka chumbani kwake, hajanyoa, ameinamia kompyuta. Faili lilikuwa na urefu kamili wa wimbo, lakini palipotakiwa kuonekana mawimbi ya sauti palikuwa na mstari ulionyooka. Nikamwambia anichezee ule wa mwanzo, niliousikia siku ile. Kinanda kikalia. Kisha Kaka akanyoosha mkono polepole, akachomoa kinanda kwenye umeme, akabofya tena. Kompyuta ikaendelea kukimbiza mstari wake, na chumba kikawa kimya.

"Ndani ya MIDI hamna sauti," akasema, safari hii bila madoido. "Ni maagizo tu. Bonyeza hapa, kwa nguvu hii, achia. Kompyuta ilikuwa inaagiza, kinanda ndicho kilichokuwa kinaimba. Nilipoigeuza, kompyuta ikahifadhi sauti yake yenyewe, na haikuwa nayo. Sikuichagulia ala yoyote ya kupiga maagizo hayo."

"Na hukusikiliza ulipomaliza?"

"Niliangalia urefu. Ulikuwa sawa."

Ningemzaba kofi, lakini sura yake ilikuwa imeshapigwa tayari. Akatoa waya mwingine, akaupitisha kutoka tundu la sauti la kinanda mpaka kwenye kompyuta, akaurekodi wimbo huku kinanda kikiupiga. Kisha akachomoa kila kitu, akavaa vipokea sauti masikioni, akausikiliza wote akiwa ameinamisha uso.

"Tumpelekee tu," akasema. "Tuseme ni uleule wa jana, ila tumeongeza sauti. Hakuna atakayeumia."

"Na aendelee kuamini kwamba amekuwa kiziwi?"

Kaka akavua vipokea sauti. Alibeba kinanda, akakipakia garini.

Baba alikuwa kwenye kiti chake, redio imezimwa. Sijawahi kuona redio ile imezimwa mchana. Mama alikuwa karibu yake anakunja nguo. Kaka hakukaa.

"Baba, jana wimbo haukulia. Nilikosea mimi kwenye kompyuta. Masikio yako hayana kosa. Leo nimeurekodi upya."

"Haukulia."

"Haukulia, Baba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nilidhani atafurahi. Ndivyo nilivyojipanga njia nzima, kwamba tunamrudishia masikio yake. Baba alikitazama kidole chake.

"Sasa mimi nilikuwa nafuata nini?" akauliza. "Na watu waliona."

"Waliona," Kaka akasema.

Baba akamgeukia Mama. "Na wewe ukasema umesikia."

"Uliniuliza mbele ya watu," Mama akasema. "Ningejibuje?"

"Na makofi?"

"Ni mimi niliyeanza," nikasema. Macho yake yalinipitia, nikainamisha yangu.

"Haya," Baba akasema. "Uweke basi."

Kaka akauweka, sauti ya kawaida tu. Kinanda cha Baba kikalia kutoka kwenye spika ndogo juu ya meza, na Mama akaacha kukunja nguo. Ulipofika katikati Baba akakunja uso. "Hapo. Kidole kiliteleza. Siku ile tulipourekodi nilitaka kurudia, ukaniambia inatosha."

Alikuwa anasikia. Alikuwa anasikia kila kitu. Mama akacheka, akajifuta macho kwa shati alilokuwa amelishika. Lakini Baba hakucheka wala hakufumba macho. Alikuwa ameipenyeza mikono yote miwili chini ya mapaja, ameikalia, kidole kisipige tena, na alisikiliza hivyo mpaka wimbo ukaisha.